Thamani ya Nyumba Waachanapo Mume na Mke

Katika Kiswahili yapo maneno mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni bei na thamani. Yote mawili asili yake ni Kiarabu. Bei ni neno la biashara, hujulikana muuzaji na mnunuzi wapatanapo. Bali thamani yaweza kutajwa hata kitu kisipouzwa. Tofauti hii huonekana uzito wake mume na mke waachanapo: nyumba haijauzwa, walakini kima chake hakina budi kijulikane, maana kisichojulikana kiasi chake hakigawanyiki kwa haki.

Na tutoe mfano. Mtu wa Handeni alikuwa na kibanda cha miti na udongo kabla ya kuoa. Baada ya ndoa, mahali pale pale zikasimamishwa kuta za matofali, zikaezekwa bati. Mume alileta mshahara wa shamba la mkonge la Korogwe. Mke alilima mahindi, akateka maji ya kufyatulia matofali, akawapikia mafundi. Sasa wameachana.

Hapa mna maswali mawili. La kwanza: nyumba ina thamani gani? Hilo ni la mthamini, ambaye kwa sheria ya mwaka 2016 yapasa awe amesajiliwa. Yeye hutazama mahali ilipo nyumba, haki ya ardhi, ukubwa, vifaa na uchakavu, tena hulinganisha na bei za nyumba zilizouzwa jirani. Haulizi jasho ni la nani.

La pili ni la mahakama: kila mmoja apate fungu gani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, yataja mambo manne ya kuangaliwa: desturi ya jamaa zao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Wazigua zamani walihesabu ukoo kwa mama, Wasambaa kwa baba. Basi desturi husikilizwa, lakini ni jambo moja katika manne. Na mali ya kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa sana kwa juhudi za pamoja, nayo huingia. Kwa hiyo kile kibanda hakiifanyi nyumba nzima kuwa ya mume.

Je, kazi ya jikoni ni mchango? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba ndiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupewa fungu, kwa kuwa fedha alizokwisha kupewa na mumewe naye akazitumia vibaya zilihesabiwa. Lakini kanuni ile imewafaa wake wengi baada yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hati za bati na saruji zikitunzwa, ushahidi huwa mwepesi. Mafungu yakiisha kuamuliwa, mmoja aweza kubaki na nyumba akamlipa mwenziwe haki yake. Ama sivyo nyumba huuzwa, na hapo ndipo thamani igeukapo kuwa bei.