Sanduku, Madhabahu na Chumba Kitupu

Waisraeli wa kale hawakumwabudu Mungu popote tu. Yakobo alipoamka kutoka ndotoni alilisimamisha jiwe alilolilalia, akalimiminia mafuta, na Betheli ikawa mahali pa ibada kwa vizazi vingi. Wengine walikwenda Shilo, wengine Gibeoni, au kwenye vilima vilivyoitwa mahali pa juu, wakichukua wanyama, unga, divai na ubani.

Kilichoheshimiwa kuliko vyote kilikuwa Sanduku la Agano, la mti wa mshita, lililofunikwa dhahabu ndani na nje, lenye urefu wa dhiraa 2 na nusu. Sheria ilikataza kuichomoa miti ya kulibebea kutoka kwenye pete zake. Lilikaa tayari kwa safari wakati wote. Walawi wa ukoo wa Kohathi walilibeba mabegani, wala wao wenyewe hawakuruhusiwa kuligusa. Lakini wazee walipolipeleka vitani kama hirizi, Israeli ilipigwa, na Wafilisti wakalichukua.

Madhabahu nayo ilikuwa na mipaka yake. Ilikuwa na pembe nne zilizopakwa damu ya sadaka, na mtu aliyehofia kuuawa alizishika kuomba hifadhi. Adonia alizishika, na ndugu yake, mfalme Sulemani, akamwachilia. Jemadari Yoabu alizishika pia, akauawa papo hapo, kwa kuwa sheria haikumkinga aliyeua kwa kukusudia.

Wachimbaji wa mambo ya kale wameziona pembe kama hizo. Mwaka 1973, huko Beer-sheba, mawe ya madhabahu ya namna hiyo yalipatikana yamejengewa ukutani mwa ghala. Ngomeni Arad palikuwa na hekalu dogo, na madhabahu zake mbili za kufukizia zilikutwa zimelazwa chini na kufunikwa. Wataalamu wengi huhusisha mambo hayo na mageuzi ya wafalme wa Yuda.

Mmoja wao, Hezekia, alimvunjavunja hata nyoka wa shaba aliyehusishwa na Musa mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia ubani. Baadaye mfalme Yosia alipanajisi mahali pa juu, ibada ikabaki kwenye Hekalu la Yerusalemu peke yake, ambamo Sanduku lililorudishwa na Wafilisti lilikuwa limewekwa.

Babeli ililiteketeza Hekalu hilo mwaka 586 KK. Orodha ya nyara inataja nguzo za shaba, masufuria na miiko, Sanduku halimo. Hekalu la pili lilipojengwa, Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani cha kuliweka Sanduku, palibaki patupu. Hata hivyo kuhani mkuu aliendelea kuingia humo mara moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Jemadari wa Kirumi Pompeius alipoingia kwa nguvu mwaka 63 KK, hakukuta sanamu yoyote. Kwa Wayahudi hilo halikuwa upungufu: chombo kilistahili heshima maadamu kilimwelekeza mtu kwa Mungu, na ibada iliweza kuendelea hata chombo kilipotoweka.