Kolesteroli ya Chini Si Cheti cha Afya

Majibu ya maabara yakionyesha kolesteroli iko chini, wengi wetu hushukuru Mungu na kuikunja karatasi. Kwa mwenye homa ya ini sugu, karatasi hiyo inafaa kusomwa tena.

Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili, likaifungasha na kuiingiza kwenye damu. Kirusi cha homa ya ini C, kilichotambuliwa mwaka 1989, huidandia safari hiyo: hujibandika kwenye vifurushi vya mafuta vinavyotoka katika ini, kisha huingia seli nyingine kwa kutumia baadhi ya milango ya kolesteroli yenyewe. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa C huwa na kolesteroli ya chini, hasa ile iitwayo mbaya, LDL.

Hata hivyo, hawalingani. Jenotipu ya 3, yaani aina mojawapo ya kirusi hicho, huishusha zaidi, kwa sababu huzuia mafuta yasitoke na kuyaacha yarundikane ndani ya ini. Mtu mwembamba, asiyegusa pombe, anaweza kwenda kupigwa ultrasaundi akaambiwa ini lake lina mafuta. Kwa wenye homa ya ini B mabadiliko huwa madogo, ingawa tenofovia disoproksili, dawa inayotumika sana kuitibu, nayo hushusha kolesteroli kidogo. Ini likishasinyaa, liwe la B au la C, kolesteroli hupungua kwa kuwa kiwanda chenyewe kimechoka. Njia ya nyongo ikiziba, hupanda.

Wala kiwango hicho cha chini hakiukingi moyo. Homa ya ini C huambatana na kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu zaidi kuliko tarakimu za LDL zinavyodokeza. Tena, mgonjwa akipona kwa vidonge vya wiki 8 au 12, LDL hupanda. Dawa haikumdhuru; kirusi kimeondoka, na kiwango halisi cha mgonjwa kimejitokeza.

Basi pima kolesteroli kabla ya tiba na baada ya kupona. Kama unatumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, mwambie daktari kabla ya kuanza vidonge vya C, kwani baadhi havipatani nazo. Usiziache kwa hofu ya ini: wengi ambao ini lao bado linamudu kazi huzitumia salama. Kwa ambaye tumbo lake limeanza kujaa maji au macho yake kuwa ya manjano, uamuzi wa kuzitumia ni wa daktari wake.