Programu Inapogoma: Namna ya Kutatua Mgongano wa Vifurushi katika Mazingira Tengefu ya Python

Na Mwandishi Wetu

Huduma nyingi anazozipata mwananchi kwa njia ya mtandao, kuanzia namba ya malipo hadi matokeo ya mitihani, hutegemea programu zilizojengwa kwa kuazima vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine. Vipande hivyo huitwa vifurushi, navyo visichanganywe na vile vinavyouzwa na kampuni za simu. Visipopatana, programu hugoma, na mara nyingi chanzo si udukuzi wala hitilafu ya mtambo.

Katika lugha ya Python, mazingira ya kazi hubeba toleo moja tu la kila kifurushi. Programu mbili zinazotaka matoleo tofauti haziwezi kukaa pamoja kwa amani. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Python huja na zana iitwayo venv, ambayo huitengea kila kazi folda yenye vifurushi vyake yenyewe.

Hata hivyo, utengano huo hauondoi ugomvi ndani ya folda moja. Mfano mzuri ni NumPy, kifurushi cha hesabu kinachotegemewa na vingine vingi. Toleo lake la 2.0 lilitolewa Juni 2024, likiwa badiliko kubwa la kwanza tangu toleo la 1.0 la mwaka 2006. Vifurushi vingi vilivyokuwa vimetayarishwa kwa matoleo ya zamani vilishindwa kufanya kazi nalo. Pandas, kwa mfano, ilianza kuafikiana nalo katika toleo la 2.2.2. Aliyeandika "numpy" bila kutaja toleo alipokea jipya pasipo kulitarajia, ilhali aliyeandika "numpy<2" aliendelea na kazi yake.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha uko katika mazingira unayoyadhani. Amri "python -m pip --version" huonyesha folda inayotumika, na si ajabu kugundua kwamba vifurushi vimekuwa vikiwekwa kwingine kabisa. Kisha amri "python -m pip check" hutaja vifurushi visivyopatana pamoja na toleo linalotakiwa na kila kimoja.

Hapa panahitaji uangalifu zaidi. Tangu toleo la 20.3 la mwaka 2020, pip hukataa maombi yanayopingana yakitolewa kwa pamoja. Lakini vifurushi vikiombwa kimoja kimoja, chombo hicho huweza kusakinisha kipya, kuharibu mahitaji ya cha zamani, na kutoa onyo baada ya kazi kwisha. Maandishi mekundu huonekana, na chini yake hufuata taarifa kwamba usakinishaji umefanikiwa. Wengi husoma mstari huo wa mwisho tu. Ni heri kuorodhesha mahitaji yote katika faili moja na kuyasakinisha kwa amri moja.

Mazingira yakishavurugika, kuyafuta na kuyajenga upya ni rahisi kuliko kuyatibu, mradi tu msimbo wako haukuhifadhiwa ndani ya folda hiyo. Kabla ya siku ya matatizo, hifadhi orodha ya matoleo yanayofanya kazi kwa amri "python -m pip freeze > requirements.txt". Orodha hiyo ndiyo ya kupelekwa kwenye kompyuta nyingine. Folda yenyewe haihamishiki, kwa kuwa njia za mafaili zimeandikwa ndani yake.

Watumiaji wa Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, hukutana na katazo la kusakinisha kwa pip nje ya mazingira tengefu. Katazo hilo hulinda mfumo wa kompyuta, kwani zana zake nyingine hutumia Python hiyo hiyo. Ipo amri ya kulipuuza, "--break-system-packages", na jina lake linaeleza matokeo yake: kuvunja vifurushi vya mfumo.