Ukipata ulemavu Marekani, miaka ya nyumbani ni sifuri

Kwenye slipu ya mshahara ya Marekani kuna makato ya asilimia 6.2 yanayokwenda Hifadhi ya Jamii, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Wengi huyahesabu kuwa ya uzeeni tu. Sehemu yake, hata hivyo, ni bima ya ulemavu: ukipata ugonjwa au ajali itakayokuzuia kufanya kazi ya maana kwa mwaka mzima au zaidi, na umechangia muda wa kutosha, utalipwa kila mwezi.

Utalipwa kiasi gani? Wengi wanaobeba boksi huku wameshajijibu: nusu ya mshahara. Kwa aliyeanza kazi hapa tangu ujana, jibu hilo halikosei sana. Kwa aliyetua akiwa mtu mzima, ni jibu la kumpoteza njia.

Tuchukue mfano. Mtu amezaliwa 1981, akaingia Marekani mwanzoni mwa 2015 akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Tangu mwaka huo anafanya kazi ghalani bila kukosa. Mapato yake, baada ya kulinganishwa na upandaji wa mishahara nchini, ni dola 42,000 kwa mwaka, yaani 3,500 kwa mwezi. Tarehe 10 Januari 2025 anapatwa na kiharusi.

Hesabu yake haianzi siku aliyotua. Inaanza mwaka unaofuata ule aliotimiza miaka 21, yaani 2003, na kuishia 2024. Hiyo ni miaka 22. Sheria inamfutia mwaka mmoja mbaya kwa kila miaka mitano, kwa hiyo anafutiwa minne na kubaki na 18. Yeye ana miaka kumi tu ya mapato. Minane iliyobaki inajazwa sifuri, hata kama alikuwa analima au anafundisha watoto kambini. Na kama angekuwa amechangia mfuko wa pensheni nyumbani isingemsaidia, kwa sababu Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na Tanzania, Kenya wala Kongo.

Sasa gawanya dola 420,000 kwa miezi 216. Wastani wake si tena 3,500, ni 1,944.

Wastani huo ndio unaoingia kwenye kanuni ya malipo. Aliyepata ulemavu 2025 hulipwa asilimia 90 ya dola 1,226 za kwanza, asilimia 32 ya kinachozidi hapo hadi 7,391, na asilimia 15 ya kinachovuka hapo. Mtu wetu anapata 1,103.40 kwenye ngazi ya kwanza na 229.76 kwenye ya pili. Jumla, ukiacha senti, ni dola 1,333 kwa mwezi. Mwenzake wa rika na mshahara uleule, aliyefanya kazi hapa miaka yote, angepata 1,831.

Kanuni haikumwonea kabisa. Wastani wake ni pungufu kwa asilimia 44 kuliko wa mwenzake, lakini malipo yamepungua kwa 27 tu, kwa kuwa ngazi ya kwanza inawabeba wenye kipato kidogo. Hata hivyo, 1,333 ni asilimia 38 ya mshahara aliozoea, na kodi ya nyumba haikushuka.

Watoto nao wana kosa lao la hesabu. Husemwa kila mtoto chini ya miaka 18 hupata nusu ya malipo ya mzazi. Ni kweli, ila kuna dari ya familia: jumla ya wote haivuki asilimia 85 ya wastani wa mapato, wala asilimia 150 ya malipo ya mzazi, ingawa haishuki chini ya malipo yake mwenyewe. Asilimia 85 ya 1,944 ni 1,652. Kwa hiyo watoto wake, wawe wawili au sita, watagawana dola 319 hivi.

Halafu kuna kalenda. Miezi mitano kamili ya mwanzo hailipwi. Kwa aliyeugua Januari 10, miezi hiyo ni Februari hadi Juni. Malipo ya Julai yanaingia Agosti. Hapo ni kama ombi limepita haraka, na mara nyingi uamuzi huchukua zaidi ya nusu mwaka, ingawa malimbikizo hulipwa baadaye. Bima ya afya ya Medicare inasubiri miezi 24 tangu haki ya malipo ianze, yaani hadi Julai 2027, na ikija inakuja na makato yake. Mwaka 2025 makato ya sehemu ya matibabu ya kawaida yalikuwa dola 185 kwa mwezi.

Basi usikisie. Fungua akaunti kwenye tovuti ya Hifadhi ya Jamii, usome makadirio yako ya malipo endapo ungepata ulemavu leo. Sifuri zako zimeshahesabiwa humo. Kisha kagua mapato mwaka kwa mwaka. Ukikuta mwaka uliofanya kazi hauna kitu, tafuta fomu za kodi za mwaka huo udai usahihishiwe. Wewe unayeendesha teksi kwa kujiajiri, kumbuka kinachoandikwa ni faida baada ya gharama, si nauli zote ulizokusanya.

Ukishajua makadirio yako, weka akiba ya kukupitisha miezi saba bila mshahara. Fanya hivyo kabla ya kuchukua mkopo wa kumwaga zege la nyumba ya Kigoma. Na ukipewa kibarua cha kulipwa taslimu kisichoandikwa popote, jua kwamba mwaka huo nao umeuongeza kwenye sifuri zako.