Ukialikwa Rotary, Uliza Kwanza

Ndugu mfanyakazi, jirani akikualika kwenye mkutano wa Rotary, nenda. Kualikwa ndiyo njia ya kawaida ya kuingia: utahudhuria kama mgeni mara mbili tatu, kisha wanachama wataamua kukupokea.

Klabu ya kwanza ilianzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu. Jina lilitokana na desturi yao ya kukutana kwa zamu katika ofisi zao. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930. Kwa miaka mingi mlango ulikuwa wa wenye mali, mameneja na wataalamu. Wanawake walikubaliwa rasmi mwaka 1989. Siku hizi kanuni haimzuii fundi. Kinachomzuia ni mfuko.

Klabu nyingi hukutana kila wiki, mara nyingi hotelini. Watu hula, husomewa taarifa, kisha humsikiliza mzungumzaji aliyealikwa, pengine daktari, mkulima au mhandisi, na kumwuliza maswali. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Nawe waweza kuombwa ueleze kazi yako, na si mara nyingi mfanyakazi hupata kusema juu ya usalama kiwandani huku waajiri wametulia mezani!

Tangu 2016 klabu zinaruhusiwa kukutana mara mbili tu kwa mwezi, basi uliza kama ratiba inagongana na zamu yako. Mweka hazina akueleze ada, michango ya miradi, na kama waweza kuhudhuria bila kulipia chakula. Mambo ya mishahara yapeleke tawini kwako, klabu haiyashughulikii.