Majina ya Njia za Treni: Yafasiriwe au Yaachwe?

Wafasiri hutuuliza mara kwa mara kama majina ya pekee yenye maana iliyo wazi yafasiriwe au yaachwe yalivyo. Treni za abiria za jiji la London zinatupa mfano mzuri.

Tangu mwaka 2007 treni hizo ziliitwa kwa jina moja, London Overground, na katika ramani zilichorwa kwa rangi moja ya machungwa. Mtandao ulipopanuka, jina hilo lilizidiwa na kazi. Likitolewa tangazo kwamba Overground imechelewa, abiria wa Romford na wa Richmond hawakujua ni treni ya nani, hali njia zao hazikutani popote. Wasafiri wa kati ya Gospel Oak na Barking walikwisha kujitungia jina lao, Goblin, kwa kuunga vipande vya jina refu la njia hiyo. Watumiaji wa lugha hawangoji kamati.

Mwezi Novemba 2024 njia sita zilianza kutumia majina mapya: Lioness, Mildmay, Windrush, Weaver, Suffragette na Liberty, kila moja na rangi yake. Kazi hiyo ilikadiriwa kugharimu paundi milioni 6.3.

Mfasiri afanyeje? Lioness ni simba jike, na jina hilo linaienzi timu ya soka ya wanawake ya England, iliyotwaa ubingwa wa Ulaya huko Wembley mwaka 2022. Lakini abiria aliyeshika mwongozo wenye maneno “Njia ya Simba Jike” hatakiona kibao cha namna hiyo pale Euston, wala hatayasikia maneno hayo katika kipaza sauti. (Tena msomaji wa Dar es Salaam fikra zake zitakwenda Msimbazi.) Liberty ni hatari zaidi. Tukiandika “Uhuru”, tutamkumbusha msomaji ukombozi wa nchi zetu, kumbe jina hilo lahusu haki za pekee za kujiendesha zilizokuwa za eneo la Havering tangu kale.

Shauri letu ni kwamba neno la jumla tu ndilo lifasiriwe, nalo liwe “njia”. “Mstari” halifai, kwa kuwa mstari huchorwa ramanini, abiria haupandi. Basi tuandike “njia ya Windrush”, na maelezo yatolewe mara moja tu, jina linapotajwa kwanza: meli iliyowaleta Uingereza wahamiaji wa visiwa vya Karibi mwaka 1948. Vivyo hivyo Suffragette: wanawake waliopigania haki ya kupiga kura.