Vita vya Mbali na Hisa za Kikundi Chetu



Kikundi kikishaweka akiba mwaka mmoja au miwili, swali huwa ni lile lile: "Je, tununue hisa?" Ni swali zuri. Lakini kabla ya kujibu, hebu tuelewe kwamba bei ya hisa haitegemei kazi ya kampuni peke yake. Inategemea pia mambo yanayotokea mbali sana na sisi.

Hisa ni nini?

Hisa ni kipande cha kampuni. Kampuni ikipata faida, inaweza kuwagawia wenye hisa. Lakini ukitaka kurudishiwa pesa zako, ni lazima umuuzie mtu mwingine katika soko la hisa la Nairobi. Bei ya huko ni kama ya viazi hapa Chaka. Malori yakija mengi, bei inapanda. Yasipokuja, viazi ni vile vile lakini bei inashuka. Viazi havijaoza, ni mnunuzi amekosekana.

Tulivyoona na Safaricom

Mwaka 2008 serikali iliuza sehemu ya hisa zake za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, wengine kwa pesa za mkopo. Mwezi wa Juni hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni na bei ikapita shilingi 7. Watu wakafurahi.

Septemba mwaka huo benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ikaanguka. Matajiri wa ng'ambo waliingiwa na hofu, wakauza hisa zao kila mahali, hata Nairobi. Mapema mwaka 2009 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 3. Na bado watu walikuwa wanapiga simu na kutumiana pesa kwa M-Pesa!

Mambo hayo yalirudi tena. Agosti 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40. Mwaka 2022 Urusi ikavamia Ukraine, mafuta na ngano vikapanda bei, na sisi tukaona ya mbolea. Marekani ikapandisha riba ili kuzuia bei zisizidi kupanda. Tajiri wa ng'ambo akajiuliza: "Kama kwetu nalipwa vizuri, mbona nihangaike mbali?" Akauza. Kulikuwa na sababu zingine pia, kama gharama ya kampuni kuanza kazi Ethiopia. Mwaka 2023 bei ilifika chini ya shilingi 15.

Tufanye hesabu

Chukua hisa 1,000 zilizonunuliwa kwa shilingi 5,000 mwaka 2008. Mapema 2009 hazikufika shilingi 3,000. Agosti 2021 zilipita shilingi 40,000. Mwaka 2023 zikarudi chini ya 15,000. Aliyebanwa na karo au mkopo akauza mwaka 2009, alipata hasara. Aliyeweza kungoja alichagua siku yake ya kuuza.

Lakini kungoja peke yake si dawa. Kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 kwa sababu ya madeni, na wenye hisa wakabaki bila mahali pa kuuzia.

Kikundi kifanye nini?

1. Msinunue hisa kwa mkopo, wala kwa pesa za karo au za matibabu. Tumieni zile ambazo hamtazihitaji kwa miaka mitano hivi.

2. Msiweke zote kwa kampuni moja. Zingine zikae benki au katika dhamana za serikali.

3. Amueni mkutanoni, na iandikwe kwenye kumbukumbu. Akaunti iwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Wakala awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

4. Sikilizeni habari za redio. Mkisikia vita, bei ya mafuta, dola au riba ya Marekani, jueni zinawahusu. Si lazima mkimbilie kuuza, bali mjue kwa nini bei imetikisika.

Ya kujadili kikundini

Kama hisa zetu zingeshuka nusu mwaka huu, ni nani kati yetu angelazimika kudai pesa zake? Akiwa hata mmoja, pesa zake zisiingizwe kwenye hisa.